Maharage Magumu Hayaanzii Jikoni

Mwezi wa pili baada ya kuolewa, nilibandika sufuria ya maharage saa mbili asubuhi uani kwa wakwe zangu pale Ujiji, na ilipofika saa tisa alasiri, wageni wakiwa wamekwisha kunawa mikono, maharage yale yalikuwa bado yanagoma kwenye meno. Nilikuwa nimekwisha kuchoma karibu nusu kiroba cha mkaa. Mchuzi ulikuwa umekolea, una rangi nzuri na harufu ya kitunguu na mawese, na mtu angeutazama kwa macho tu angesema chakula kiko tayari. Lakini kila punje niliyoibonyeza kati ya vidole ilikuwa na kiini kilichokataa kubonyea. Shangazi mmoja wa mume wangu alisema, kwa sauti ya chini ambayo nadhani alitaka niisikie, kwamba wasichana wa Kasulu wa siku hizi hawakufundwa. Maneno hayo yaliniuma, kwa sababu nilitoka katika nyumba ambayo maharage yalipikwa kila siku, na kwa sababu sikujua nimekosea wapi.

Aliyenisaidia ni mama mkwe. Alichukua punje chache zilizobaki ndani ya mfuko, zile ambazo hazijapikwa, akazigeuzageuza kiganjani karibu na mlango ambako kulikuwa na mwanga, kisha akaniambia, "Mwanangu, moto wako hauna kosa. Umeuziwa maharage ya mwaka juzi." Hakusema zaidi. Ilinichukua miaka kadhaa ya kupika, kuuliza, kusoma na kulinganisha sufuria kwa sufuria mpaka nikaelewa kwamba sentensi ile fupi ilikuwa imebeba karibu kila kitu ambacho mpishi wa maharage makavu anapaswa kukijua.

Punje ya haragwe imejengwa kwa seli ndogo sana zilizoshikamana kwa kitu mfano wa gundi kiitwacho pektini. Tunaposema maharage yameiva, tunachokisema hasa ni kwamba gundi hiyo imeyeyuka katika maji ya moto, seli zimeachana, na wanga uliomo ndani yake umevimba na kulainika. Haragwe jipya huachia gundi yake kwa urahisi. Haragwe lililokaa miezi mingi mahali penye joto na unyevu hubadilika ndani kwa ndani hata kama kwa nje linaonekana zima. Mbegu huhifadhi akiba yake ya fosfora katika umbo linaloitwa fitini, ambalo limefungamana na madini ya kalsiamu na magnesiamu. Joto na unyevu wa ghalani huifanya akiba hiyo ivunjike polepole, madini yale yakawa huru, yakahamia kwenye pektini na kuikaza mpaka ikawa gundi isiyokubali kuyeyuka. Wataalamu wa nafaka husema kwamba hali hii hushamiri pale joto linapozidi nyuzi 25 na unyevu wa hewa unapozidi asilimia 65 kwa muda mrefu. Ukiishi kando ya Ziwa Tanganyika utaelewa mara moja kwamba hayo ni maelezo ya stoo ya kawaida ya nyumba zetu.

Jambo hili nililithibitisha mwenyewe. Mama yangu mzazi hulima maharage ya njano huko Kasulu, na kila mwaka hunitumia debe moja mara baada ya mavuno ya Mei na Juni. Mwaka mmoja nilikuta nimebakiza kilo mbili za mwaka uliotangulia, zilizokaa ndani ya mfuko wa kawaida kwenye stoo yangu ya mjini. Aina ilikuwa ile ile, shamba lile lile, mkulima yule yule. Niliyaloweka yote usiku mmoja, nikayabandika kwenye majiko mawili yaliyowekwa ubavu kwa ubavu, sufuria zenye ukubwa sawa na maji ya kipimo kimoja. Maharage mapya yaliiva kwa saa moja na dakika kumi. Yale ya zamani, baada ya saa tatu, yalikuwa yamechanganyika: mengine yamelainika, mengine yana kiini kigumu kama kile kilichoniaibisha mbele ya wageni. Nilipomweleza mama kwa simu alishangaa kusikia kwamba nimehangaika kupima, kwa kuwa yeye bado alikuwa akila maharage ya mwaka uliopita kule juu na hakuona taabu kubwa. Sababu ni kwamba Kasulu ni mwinuko wenye ubaridi, na gunia lililowekwa pakavu kule huzeeka taratibu kuliko gunia hilo hilo likishushwa mjini Kigoma kwenye joto la ziwani.

Kwa hiyo, mapishi ya maharage huanza sokoni, na hapo ndipo ninapotumia muda wangu mwingi. Ninapokwenda soko la Mwanga siulizi kwanza bei, bali nauliza yamevunwa lini na yametoka wapi, na muuzaji anayejua mzigo wake hunijibu bila kusita. Nachota kiganja kizima kutoka chini ya gunia, siyo juu, na kukitazama kwenye mwanga. Maharage yanapozeeka rangi yake huiva kupita kiasi: ya njano huelekea ukahawia, na yale yenye madoa, kama rozikoko, hupoteza weupe wa ardhi yake na kuwa na wekundu uliofifia. Nikiona punje zinazong'aa na punje zilizofubaa ndani ya gunia moja, najua yamechanganywa ya misimu miwili, na hayo siyanunui hata yakipunguzwa bei, kwa maana sufuria ya namna hiyo haiivi kwa pamoja; utachagua kati ya kula nusu yake yakiwa mabichi au kuifanya nusu nyingine kuwa uji. Nikiwa na nia ya kununua debe, hununua kwanza robo kilo, nikaenda kuipika, na kesho yake nikarudi. Wauzaji wengine huona ni usumbufu, lakini debe la maharage ni fedha nyingi, na mkaa wa kuyapigania mwaka mzima ni fedha nyingi zaidi.

Ukiyanunua wakati wa mavuno, kazi ya kuyatunza inakuwa yako. Bibi yangu aliyaweka ndani ya vyungu akayachanganya na majivu makavu ya kuni ili fukusi wasipate nafasi ya kutembea na kutaga, na njia hiyo bado inafaa kwa kiasi kidogo. Kwa debe na magunia, mifuko ile ya tabaka tatu isiyopitisha hewa ni msaada mkubwa, kwa sababu fukusi waliomo ndani huimaliza hewa wenyewe na kufa bila dawa yoyote. Sharti lake ni kwamba maharage yawe makavu kwelikweli kabla ya kufungiwa. Kuna kipimo kizuri ambacho hakihitaji chombo cha gharama: weka kiganja cha maharage pamoja na kijiko cha chumvi kavu ndani ya chupa safi ya kioo iliyo kavu, ifunge, itikise, na uiache kwa dakika 15 hivi. Chumvi ikigandamana kwenye kuta za chupa, maharage bado yana maji na yanapaswa kurudishwa juani. Ikibaki inateleza chini, yanafaa kuhifadhiwa. Mfuko uliofungwa usiuweke karibu na jiko wala chini ya bati lisilo na dari.

Kuchambua sitakuelezea sana, kwa kuwa kila aliyelelewa katika nyumba ya Mtanzania amewahi kukalishwa na ungo mapajani. Toa vijiwe, punje zilizotobolewa, zilizokunjamana na zenye ukungu, kisha osha mara mbili.

Kuloweka ndiko kunakostahili maelezo, kwa sababu wengi hulifanya kwa mazoea na wengi huliacha kwa mazoea vilevile. Kilo moja ya maharage nailoweka katika lita tatu hadi nne za maji, kwa saa nane hadi 12, na ndani ya maji hayo natia chumvi, kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita. Najua hapa nitapingwa, kwa sababu sote tulifundishwa kwamba chumvi huyafanya maharage kuwa magumu na kwamba hutiwa mwisho kabisa. Mimi pia niliamini hivyo mpaka nilipojaribu. Chumvi ya jikoni ni madini ya sodiamu, na wakati wa kuloweka sodiamu hiyo huingia kwenye ganda la haragwe na kuchukua nafasi ya sehemu ya kalsiamu na magnesiamu inayolikaza. Matokeo yake ganda hulainika pamoja na kiini, halipasuki ovyo, wala halibaki kama ngozi nyembamba mdomoni baada ya ndani kuiva. Maji hayo ya chumvi humwagwa, maharage yakasuuzwa, na chumvi ya kula ikapimwa upya baadaye. Anayesita na ajaribu kwa sufuria mbili kama nilivyofanya mimi.

Huku kwetu kuna tahadhari moja ambayo mtu wa nchi za baridi hahitaji kuijua. Usiku wa joto wa mwezi wa tisa au wa kumi, kabla mvua hazijaanza, maharage yaliyolowekwa saa moja jioni huweza kuanza kutoa povu na harufu ya uchachu kabla ya saa 12 asubuhi. Nikiamka usiku hubadilisha maji, na nikijua nitachelewa kupika huyaweka mahali penye ubaridi zaidi. Asubuhi nayatazama moja moja: punje nyingi zitakuwa zimevimba karibu mara mbili ya ukubwa wake, lakini zipo chache ambazo zitabaki ndogo na ngumu kama zilivyokuwa. Hizo ganda lake limejifunga na halipitishi maji kabisa, na hizo hutupwa. Ni ugumu wa namna nyingine, tofauti na ule wa kiini niliousimulia, na uzuri wake ni kwamba unaonekana kabla ya kuwasha moto.

Asiyekumbuka kuloweka usiku anaweza kuyachemsha maharage yaliyooshwa kwa dakika mbili au tatu, akaepua, akafunika na kuyaacha ndani ya maji hayo hayo ya moto kwa saa moja, kisha akayamwaga na kuanza upya kwa maji mengine. Siyo sawa kabisa na kulala kwenye maji, ila ni afadhali kuliko kuanza na maharage makavu. Kwa vyovyote vile, maji ya kulowekea hayapikiwi. Ndani ya maharage kuna sukari za aina ambayo tumbo la binadamu halina uwezo wa kuzimeng'enya. Hufika kwenye utumbo mpana zikiwa nzima, bakteria wakazichachua, na hapo ndipo tumbo linapojaa gesi. Sehemu ya sukari hizo hutoka na maji ya kulowekea, na anayeyamwaga huona tofauti, hasa kwa watoto na wazee.

Sababu nyingine ya kuyamwaga maji hayo ni nzito zaidi, na nitaieleza kwa kisa. Nilipokuwa kidato cha pili katika shule moja ya bweni, jioni moja ya masika kuni zilikuwa zimelowa na moto ulikuwa wa moshi mtupu. Wapishi walihangaika, muda wa chakula ukafika, na tukapakuliwa maharage ambayo yalikuwa ya moto lakini hayajawahi kuchemka sawasawa. Tulikuwa na njaa, tukala. Kabla ya saa nne za usiku, mabweni mawili yalikuwa yanatapika. Wapo waliosema tumewekewa sumu, na wapo waliotaja majina ya watu. Asubuhi karibu wote walikuwa wamepata nafuu, jambo lililozidisha maswali badala ya kuyapunguza, na mpishi mmoja aliyekuwa mtu mwema kwetu aliondoka akiwa ametupiwa lawama ambayo hadi leo naamini haikuwa yake peke yake.

Baadaye sana nilisoma kwamba sumu ilikuwamo kweli, ila haikuwekwa na mtu. Maharage mabichi, na hasa yale mekundu, yana aina ya protini iitwayo lektini ambayo huudhuru utumbo. Punje nne au tano mbichi zinatosha kumfanya mtu atapike ndani ya saa moja hadi tatu, kisha aharishe, na kwa kawaida hali hiyo hupita ndani ya saa chache. Huko Uingereza matukio ya namna hii yaliandikwa na madaktari katika miaka ya 1970. Kinachotisha ni kwamba maharage yaliyopashwa joto kiasi, mathalani nyuzi 80, bila kuchemka, yanaweza kuwa na sumu kali kuliko yakiwa mabichi, hadi mara tano. Lakini kuchemka kwa nguvu huiharibu sumu hiyo kabisa. Ushauri wa kawaida ni kuyaloweka kwa saa tano au zaidi, kumwaga maji, na kuyachemsha kwa nguvu katika maji mapya kwa muda usiopungua dakika kumi. Wengine hutaka dakika 30 ili kuwa na uhakika, na mimi ni miongoni mwao. Kwa hiyo nusu saa ya kwanza ya sufuria yangu ni ya moto mkali, mapovu yakiruka, na sitoki jikoni. Baada ya hapo moto naupunguza hadi maji yanatokota taratibu, kwa sababu kuanzia hapo kurukaruka kwa maji hakuharakishi kitu, isipokuwa kupasua maganda na kumaliza mkaa.

Mwinuko nao una neno lake. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 pale tu ulipo usawa wa bahari, na kila unapopanda kama mita 300 kiwango hicho hushuka kwa nyuzi moja hivi. Uso wa Ziwa Tanganyika uko mita zaidi ya 770 juu ya bahari, kwa hiyo hata Kibirizi ufukweni maji huchemka kwenye nyuzi 97 na nusu tu, na Kasulu, iliyo juu ya mita 1,200, huchemka karibu na nyuzi 96. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini maharage huihisi, na ndiyo maana mtu aliyezoea kupika Dar es Salaam akihamia kwetu hudhani mkaa wa Kigoma ni hafifu. Sufuria ya presha hufuta tofauti hiyo, kwa kuwa ndani yake joto hupanda mpaka karibu nyuzi 120, na maharage yaliyolowekwa huiva kwa dakika 20 hadi 30. Mwenye uwezo wa kuinunua na ainunue. Ajaze nusu tu ya chombo, kwa sababu povu la maharage huziba tundu la mvuke.

Maji yenyewe nayo hutofautiana. Maji ya ziwa letu, ambayo ndiyo yanayotufikia mabombani mjini, yana alkali, na yana magnesiamu nyingi kuliko kalsiamu. Alkali husaidia kulainisha pektini huku magnesiamu ikiikaza, na hivyo mambo mawili yanavutana ndani ya sufuria moja. Katika jiko langu maji yaliyowahi kuivisha maharage vizuri kuliko yote ni ya mvua, yanayokingwa kwenye bati lililokwisha kuoshwa na mvua za mwanzo, kwa kuwa hayana madini ya kukaza chochote. Msimu wa mvua nayaweka kando kwa ajili ya maharage na chai.

Kwa maelezo hayo mtu atauliza kwa nini basi tusitie magadi, ambayo ni alkali kali na huivisha maharage magumu kwa haraka inayoonekana kwa macho. Siku ile ya Ujiji, baada ya mama mkwe kuondoka, nilitia magadi kwa siri, tena mengi. Maharage yalilainika, ni kweli. Yaligeuka rangi yakawa na weusi mchafu, yakavurugika nje huku ndani yakiwa na vitonge, na mchuzi wote ukawa na ladha ya sabuni ambayo hakuna mawese wala pilipili iliyoweza kuifunika. Mbali na ladha, alkali huharibu vitamini B1, moja ya faida kubwa za kula maharage. Siwezi kumlaumu mama mwenye watoto sita na maharage ya miaka miwili anayetia chembe kidogo ili familia ile. Ninachosema ni kwamba chembe hiyo iwe kidogo sana, ipimwe kwa ncha ya kijiko cha chai, na itiwe kwenye maji ya kulowekea ambayo yatamwagwa.

Asidi hufanya kinyume cha magadi. Nyanya, limao na ukwaju huilinda ile gundi isiyeyuke, na maharage yaliyotiwa nyanya kabla ya kuiva yanaweza kukaa motoni saa mbili zaidi bila kubadilika. Kosa hili nimeliona kwa vijana wengi wanaopika wenyewe vyumbani kwao, wanaokusanya kila kitu ndani ya sufuria moja tangu mwanzo ili wakapumzike. Kutokosa na kuunga ni kazi mbili. Ya kwanza imalizike kabisa, mpaka punje ikiwekwa kati ya ulimi na kaakaa isagike bila jino, ndipo ya pili ianze. Maji yakipungua katikati huongeza ya moto, yaliyokuwa kwenye birika pembeni, ili sufuria isipoe na kuanza safari upya.

Kuunga ndiyo sehemu ninayoipenda, na Kigoma tuna bahati ya kuwa na njia mbili. Ya kwanza ni ya mawese, ambayo ndiyo ya nyumbani kwetu. Kwa nusu kilo ya maharage yaliyotokoswa, natia vijiko vitatu au vinne vya mawese kwenye sufuria nyingine, nayaacha yapate moto bila kufuka moshi mzito, maana mawese yaliyoungua hupoteza wekundu wake, na wekundu huo ndio karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kitunguu maji kikubwa kikatwe kwa wembamba na kikaangwe mpaka kilegee na kuanza kubadilika rangi. Vitunguu saumu vitatu vifuate, kisha nyanya tatu zilizoiva, zipikwe mpaka mafuta yajitenge. Hapo natia upawa mmoja wa maharage na kuyaponda kwa mwiko ndani ya mafuta yale, na rojo hilo ndilo litakaloshikamanisha mchuzi wote. Maharage yaliyobaki na maji yake hufuata, chumvi ikatiwa kwa kuonja, pilipili mbuzi moja ikaachwa nzima ielee juu, na vyote vikatokota kwa robo saa. Karoti na hoho sitii, kwa sababu huleta utamu unaogombana na mawese. Kisha naepua na kufunika kwa nusu saa, kwa kuwa maharage yaliyopumzika huwa mazito na chumvi yake hukolea sawasawa. Huliwa na ugali wa muhogo, au na ndizi zilizochemshwa kama wafanyavyo Kasulu na Kibondo. Katika sufuria hiyo haragwe lenyewe ni mgeni, lililotoka bara la Amerika na kuletwa Afrika na meli za Wareno. Mchikichi, unaotupa mawese, ni mti wa bara hili.

Njia ya pili ni ya nazi, ambayo nyumba za Ujiji ziliipokea pamoja na mengi mengine yaliyotoka pwani. Tui la pili, lile jepesi, hutiwa kwenye maharage yaliyokwisha kuiva pamoja na kitunguu na binzari kidogo. Tui la kwanza hutiwa mwisho kabisa, moto ukiwa mdogo, na huchotwachotwa kwa upawa bila kuacha ili lisikatike. Nyanya ikitumika iwe moja tu. Mama mkwe hutia punje mbili za iliki, jambo nililolishangaa mwanzoni, na sasa siyapiki bila iliki hizo.

Linabaki suala la moto. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wa mwaka 2024 hadi 2034, unalenga kwamba asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034, na ninautakia mafanikio kwa moyo wote, kwa maana nimeona macho ya mama yangu yalivyoharibiwa na moshi. Lakini naona kila siku majirani wenye mtungi wa gesi wakipikia chai na mboga, halafu wakatoka uani kuwasha mkaa kwa ajili ya maharage, wakihofia kuumaliza mtungi. Kama hatutaufupisha muda wa kupika maharage, mkaa hautatoka nyumbani kwetu. Kutumia maharage mapya na kuyaloweka hupunguza muda wa motoni kwa zaidi ya nusu. Kilichobaki mimi nakimalizia kwenye kapu. Kapu kubwa la ukindu nimelizungushia blanketi kuukuu na mto wa pamba chini na juu. Maharage yaliyolowekwa nayachemsha kwa nguvu kwa nusu saa kamili, na nusu saa hiyo haipunguzwi kwa sababu ile niliyoieleza ya sumu, kisha sufuria iliyojaa na kufunikwa vizuri naitia ndani ya kapu ikiwa bado inatokota, naifunika, na kuiacha kwa saa tatu. Sufuria isiyojaa hupoa upesi, hivyo haifai. Nikirudi kutoka kazini nayakuta yameiva, yamebaki mazima, na yana joto la kuunguza ulimi. Nayachemsha tena kidogo na kuyaunga. Mtungi wangu mdogo wa gesi unatosha kwa kazi hiyo.

Kwa kuwa kilo moja ya makavu hutoa zaidi ya kilo mbili za yaliyoiva, siku ya Jumamosi natokosa ya wiki nzima bila kuyaunga, nayapoza upesi kwenye beseni pana, nayagawa kwenye vikopo pamoja na maji yake na kuyaweka kwenye friza. Asiye na friji apike ya siku moja, na kiporo cha asubuhi kichemshwe mpaka kitoe mapovu, kwani maharage hayangoji kwenye joto la kwetu.

Mwezi wa sita uliopita mama alinitumia debe mbili badala ya moja. Moja nililipeleka Ujiji. Mama mkwe sasa macho yake yamefifia, na hawezi tena kuzisoma punje kwenye mwanga wa mlangoni kama alivyofanya siku ile, kwa hiyo nilikata kipande cha karatasi ngumu, nikaandika kwa herufi kubwa jina la shamba na mwezi wa mavuno, nikakitumbukiza ndani ya mfuko kabla ya kuufunga. Alinitaka nimsomee. Kisha akamwita mjukuu wake mkubwa, akamwambia achote vikombe vitatu, ayachambue, na ayaloweke jioni ile ile.